Aliyeitikia Jina la Kadi

Mimi ni mtu wa kinyaa, na Mutaho nzima inalijua hilo. Kikombe changu hakinywewi na mwingine, choo cha watu siingii mpaka nibanwe kweli, na mchuzi nikikuta unywele ndani yake nauacha hata kama ni Krismasi. Nasema haya mapema ili ujue kwamba mambo ninayosimulia sikuyatafuta. Yalimpata wifi yangu Klara, mke wa mdogo wangu Nazario. Mwanamume haruhusiwi kulala wodi ya wazazi, kwa hiyo mimi Paskazia ndiye niliyekaa kando ya kitanda chake siku zote sita.

Ilikuwa mwaka 2009, mwaka wa pili tangu turudi Burundi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania. Tulikuwa tumepewa mabati, tumelima, na asubuhi ile nilikuwa uani napepeta maharage huku Klara akinitania kwamba napepeta kama mtu anayefukuza nzi. Uchungu ulimshika akiwa anacheka. Mimba ilikuwa ya kwanza. Kufikia saa sita mchana mkunga wa kituo cha afya alikuwa ameshampapasa mara tatu, akasema mtoto amelala kwa upande, na gari la wagonjwa likatupeleka Gitega mjini.

Hospitali yenyewe siitaji, maana watu wake walitutendea wema. Mapokezi waliomba karatasi ya mgonjwa. Klara alikuwa na karatasi moja tu yenye picha yake, ile ya kurudi nchini, na jina lililoandikwa pale halikuwa Klara. Lilikuwa Anisia.

Usishangae. Kambini watu wengi walikuwa na jina la nyumbani na jina la kadi. Klara aliingia kambini akiwa na miaka saba, yatima, uandikishaji umeshafungwa. Asiyeandikwa hana kadi, na asiye na kadi hana unga, hana maharage, hana mafuta. Shangazi yake, Gaudensia, alikuwa na binti wa umri uleule aitwaye Anisia, na sote tuliambiwa binti huyo amerudishwa Burundi kwa bibi yake, kule Buhinyuza. Kadi ikabaki, Klara akaivaa. Namkumbuka shangazi akimfundisha kwa fimbo. Awe anacheza, awe anakula, hata awe usingizini, aliitwa ghafla "Anisia!" na ilimpasa kujibu "Naam!" kabla hajafumbua macho, ili siku ya kuhesabiwa asije akaumbuka mbele ya wazungu wa mgao. Mimi nilikuwa nimemzidi miaka sita, na nilikuwa namwita ovyo ili nimwone anavyoruka. Nilikuwa naona ni kichekesho kikubwa.

Basi faili likaandikwa Anisia, nami nikanyamaza. Niliogopa nikisema kweli watatuzungusha na maswali, na mtoto yuko tumboni amelala kwa upande.

Aliyempa nusukaputi aliitwa Othmani, Mwislamu wa pale pale mjini, mtoto wa fundi cherehani. Alikuwa mpole, anaongea huku anafuta miwani kwa pindo la koti lake la kijani. Alitoka mara moja kuniambia kwamba sindano ya mgongo imekataa kuingia.

"Hapana ogopa, dada," alisema. "Tunampa ketamini. Utamuona macho iko wazi, usiseme amekufa. Hii dawa haizime ubongo yote. Inakata njia tu. Ile sehemu ya kuona iko inaona, ile ya kusikia iko inasikia, lakini haziongeleshane tena. Kila moja inabaki mu chumba yake, mlango imefungwa. Sasa yule mwenyewe, yule anasemaka 'mimi', anakosa pa kukaa."

"Anakwenda wapi?"

Akacheka. "Bon, iyo hata vitabu havijue. Njia zikifunguka anarudi. Tunamuita jina, anakuja."

Mtoto alitolewa salama, msichana, analia kwa nguvu. Nilimpokea, nikamfunga kwenye kitenge, nikakaa kwenye benchi la kile chumba kidogo cha kuamkia. Klara alikuwa amelala chali. Macho yalikuwa wazi yanachezacheza, hayamtazami mtu. Othmani alisoma jina kwenye faili.

"Anisia! Anisia, amka! Anisia!"

Hakuna kitu. Aliita tena, akampigapiga shavu, akatazama saa. Nikaona anaanza kukunja uso. Nikainuka, nikamwinamia wifi yangu sikioni, nikaita kwa sauti ile ile ya kambini, ya siku ya kuhesabiwa. "Anisia!"

"Naam," akajibu.

Nilicheka kwa furaha, Mungu anisamehe. Hata ile sauti haikunishtua wakati ule. Ilikuwa nyembamba, ya mtoto wa miaka saba, na pamoja nayo ilitoka pumzi. Kwanza nilidhani ni dawa. Halafu nikadhani ni mtoto niliyembeba amejisaidia. Ilikuwa harufu ya choo, choo cha shimo kilichojaa na kufukiwa, kisha mvua ikanyesha. Ilitoka mdomoni kwa Klara, msichana aliyekuwa akipiga mswaki kwa majivu mara mbili kwa siku.

"Leo ni siku ya mgao?" akauliza.

Othmani akasema ni ketamini hiyo, wengi huropoka wakiamka, jioni itakuwa imekwisha.

Haikwisha. Asubuhi niliamka kwenye mkeka nikasikia kitu kinaramba. Mtu aliyepasuliwa tumbo jana yake alikuwa chini ya kitanda cha jirani kwa magoti, ameshika sahani za watu, anazilamba. Alikuwa ameshakula maganda ya viazi, miiba ya ndagala, dagaa wa kwetu wa ziwani, na ukoko wa bugali uliokuwa umelowa kwenye beseni la kunawia. Damu ilikuwa inachuruzika miguuni, wala hajali. Nilipomshika kwapani kumwinua alikumbatia sahani kwa mikono miwili akaningurumia kama mbwa mwenye mfupa.

Kadidja, mama wa kitanda cha pili, mfanyabiashara wa vitenge pale sokoni, alivuta miguu yake juu ya godoro. "Yampayinka," alinong'ona kwa mshangao wa Kirundi. "Huyu mtu wako iko na nini?"

Wauguzi walimwosha. Maji ya kwanza yalitoka ya kahawia, nikasema ni damu na jasho. Ya pili yakatoka ya kahawia. Ya tatu yalikuwa na vipande vyeusi vinavyoelea, na muuguzi mmoja akaweka kitambaa puani, akatoka nje.

Tukamletea mtoto anyonyeshe. Alimtazama mtoto yule kwa muda mrefu sana. Akamgusa tumbo kwa kidole.

"Huyu naye ana kadi?" akaniuliza.

"Klara, ni mwanao huyu."

"Kama hana kadi, asile."

Akachukua kikombe changu, changu mimi, akajikamulia maziwa ndani yake, ya kwanza yale, mazito ya manjano, akayanywa yote mpaka tone la mwisho, akatia kidole akalamba kikombe. Mtoto alikuwa analia mapajani mwangu. Alijikamua tena. Akanywa tena. Nikageukia ukuta.

"Lete huyo mtoto," alisema Kadidja. "Mi niko na maziwa, hata mapacha yanatosha."

Mtoto wa mdogo wangu alinyonya kwa Kadidja siku zile zote. Sitausahau wema ule mpaka naingia kaburini.

Siku ya pili saa sita mchana Gaudensia alifika kutoka Buhinyuza. Tulikuwa tumempigia simu kwamba mtoto amezaliwa, na alikuja amevaa kitenge kipya, amebeba chupa ya uji na kuku mzima kwenye kikapu. Aliingia wodini anachekelea kabisa. Mgonjwa aligeuza shingo.

"Mama," ile sauti ikasema. "Umechelewa sana."

Chupa ya uji ilipasukia sakafuni. Klara hakuwahi kumwita mama, hata siku moja. Alikuwa anamwita shangazi.

"Pale chini pana baridi," ikaendelea, kwa kunong'ona, kama mtoto anayechongea wenzake. "Na ulinifunga kidevu kwa kile kitambaa cha sketi ya bluu. Kinabana. Siwezi kutafuna."

Gaudensia alinishika mkono akanitoa nje mpaka kwenye kamba za kuanikia mashuka. Jua lilikuwa kali, watu wanapita na ndoo zao. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Nani amemwita?" akauliza.

"Sisi. Mimi na mganga wa usingizi."

"Mmemwita kwa jina gani?"

Nikamwambia. Akakaa chini kwenye majani, na hapo ndipo nilipoujua ukweli ambao kambi nzima haikuujua.

Anisia hakurudishwa Burundi. Aliharisha siku mbili akafa, alfajiri ya siku ya mgao. Gaudensia alikuwa na watoto wengine watatu, na yatima Klara alikuwa ameingia wiki ile ile, mbavu nje. Kifo kikitangazwa kadi inachukuliwa. Ukichimba kaburi majirani wanaona. Ukilia wanasikia. Kwa hiyo hakulia. Alimfunga binti yake kwenye kipande cha turubai, akamtumbukiza kwenye shimo la choo cha zamani walilokuwa wanalifukia, akamwaga majivu na udongo juu. Saa tatu asubuhi alikuwa kwenye mstari wa mgao, ameshika kadi, na Klara pembeni yake. Hakuna aliyeomboleza. Hakuna aliyekaa matanga, wala siku ya kuganduka haikufika, ile siku ya kuvua msiba na kurudi shambani. Kwa miaka kumi na tatu jina la yule mtoto lilisomwa kila mgao, na kila mara kulikuwa na mtu aliyeitika.

"Hajui kwamba amekufa," alisema Gaudensia. "Hakuna aliyemwambia."

Nataka niseme nilimhurumia. Hapana. Nilichoona ni lile shimo. Niliona mama anatia mkono mle ndani. Nilikwenda nyuma ya jengo la kufulia nikatapika mpaka nyongo.

Nilidhani atanisaidia kumrudisha Klara. Badala yake alirudi wodini akakaa kitandani, akachukua kile kichwa akakiweka kifuani, akaanza kumlisha. Alimlisha kuku yule mzima, mafuta yanachuruzika kidevuni, mifupa inavunjwa kwa meno. Kesho yake akamlisha ndizi, na kesho kutwa chochote kilicholetwa. Mgonjwa alikuwa anakula mpaka kinamrudia, anakitema kiganjani, anakitazama, anakila upya. Mama mtu anamfuta mdomo kwa mkono. "Kula, mwanangu. Kula, hakuna atakayekunyang'anya." Aliniomba nimwache angalau wiki moja. Wiki moja tu, akasema, baada ya miaka kumi na minne.

Lakini mwili ulikuwa wa Klara, na mwili ulikuwa unaoza. Siku ya nne mshono ulivimba, ukang'aa. Siku ya tano ulifunguka kwa pembeni, usaha ukatoka wa kijani, na mgonjwa akauchota kwa kidole. Kabla sijamfikia alikuwa ameshakipeleka mdomoni. Homa ilikuwa inampanda mpaka shuka linalowa. Daktari alisema usaha umefika ndani, lazima arudishwe chumba cha upasuaji, afunguliwe, asafishwe, ama sivyo hafiki Jumapili. Nazario, tulipomweleza kule getini, alikaa chini akashika kichwa. Mtoto wake alikuwa bado hana jina. Alisema hawezi kumpa mtoto jina bila mama yake.

Nilimfuata Othmani nikamweleza yote. Nilimwambia kuhusu kadi, shimo, na fimbo ya shangazi. Alifuta miwani mpaka nikadhani ataipasua.

"Ketamini inatoka mwilini masaa machache," alinong'ona. "Hii ni siku sita. Mi nimeandika mu ripoti kama ni homa. Ukweli, mi sijue."

"Huenda ni Klara mwenyewe," nikasema. Nilikuwa nataka sana iwe hivyo. "Alipigwa sana kwa jina lile. Huenda njia zilipofunguka amekosea mlango."

"Huenda. Lakini ile sauti..." Akavaa miwani. "Nitamuita kwa jina we unataka. Faili nitaiweka chini. Ingia na we, ulete na mtoto. Yule mama abaki inje."

Tulimwambia Gaudensia abaki uani. Aliitikia kwa kichwa. Sikumwamini.

Saa tano asubuhi walimaliza kumsafisha. Chumba cha kuamkia kilikuwa kile kile, dirisha wazi, jua limelala sakafuni. Klara alikuwa chali. Macho wazi, yanachezacheza. Nilimlaza mtoto kifuani kwake.

"Klara," aliita Othmani. "Klara, amka."

Hakuna.

"Klara!"

Nikaita mimi. Nikaita kwa sauti ya nyumbani, ya uani, ya maharage. Nikamtajia Nazario. Nikamtajia mtoto. Othmani akaita. Mimi nikaita. Macho yaliendelea kucheza. Sikujua jina lile linakwenda wapi, kama lina mtu wa kulisikia. Mwili ulikuwa unapumua, na hakuna aliyekuwa anakuja.

Othmani alitazama saa. Akatazama tena.

"Inachelewa," alisema.

Midomo ikaanza kuchezacheza. Ulimi ulitoka. Uligusa kichwa cha mtoto. Ukaonja.

Nilimnyakua mtoto.

Mlango ukafunguka. Gaudensia aliingia bila viatu. Nilimrukia, nikamshika kilemba kikabaki mkononi mwangu. Nilijua atamwita. Nilijua kabisa. Aliinama juu ya kile kitanda, kichwa chake kitupu chenye mvi, mdomo ukagusa sikio.

"Anisia."

"Naam."

"Umekufa, mwanangu."

Othmani aliganda na mkono hewani.

"Umekufa. Uliharisha ukafa, mikononi mwangu. Nilikutia chooni. Sikukulilia. Nilikwenda kuchukua unga, na unga ule tuliula. Ulikuwa wako, na tuliula." Alimshika mashavu kwa mikono miwili. "Sitakuita tena."

Halafu akaweka mikono kichwani, akapiga kilio. Kilio cha msiba, kile kinachosikika mpaka ng'ambo ya kilima, mchana kweupe, ndani ya hospitali ya wazazi. Wauguzi walikuja mbio. Wanawake wa wodini, wasiojua lolote, waliitikia kutoka vitandani mwao, kama tunavyofanya msiba ukilia. Kadidja alikuwa anaita "Inna lillahi" kwa sauti ya juu. Nadhani dakika tano nzima jengo lile lilimlilia mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumlilia.

Mwili ulijikunja. Othmani aliwahi bakuli la chuma. Mgonjwa alitapika maji meusi, mazito, yenye ile harufu, bakuli likajaa, akaletewa la pili. Kitu kikawa kinagonga chuma. Ti. Ti. Ti.

Akalala tena chali. Macho yakatulia. Yakanitazama.

"Wifi," alisema Klara, kwa sauti yake mwenyewe, iliyokauka. "Mtoto wangu yuko wapi?"

Nililia mpaka nikashindwa kumpa. Othmani ndiye aliyemwekea mtoto mkononi. Mtoto alinyonya hapo hapo. Wote wawili walikuwa wananuka, na siku ile sikujali.

Ndipo nikatazama ndani ya bakuli. Meno. Madogo, ya utotoni, manane, na udongo umeshikana kwenye mizizi. Othmani alimfungua Klara kinywa akamulika kwa tochi, akahesabu, akahesabu tena. Halikukosekana hata moja. Kabla hatujasema neno Gaudensia alitia mkono kwenye yale matapishi, akayaokota meno moja moja, akayatia mdomoni, akayabana shavuni. Alitoka nje shavu limevimba. Wenzake wa Buhinyuza walituambia alikaa matanga siku zote zinazotakiwa, na mwili ulioombolezwa haukuonekana. Mpaka anaganduka hakuzungumza na mtu, wala hakufungua mdomo mbele ya watu.

Klara alipona. Mtoto tulimpa jina, na Kadidja alikuja Mutaho kwenye sherehe na kitenge cha zawadi. Miezi miwili ilipita bila wifi yangu kusema lolote, nami sikumuuliza. Halafu siku moja mchana tulikuwa tunafua, yeye anasugua, mimi nasuuza, akasema bila kuinua kichwa:

"Mimi sikulala, wifi."

"Lini?"

"Siku zile sita. Nilisikia kila kitu. Nilisikia mnaita Anisia, Anisia, nami sikuwa na mahali pa kupitia." Aliendelea kusugua. "Palikuwa pembamba. Kuna turubai usoni. Ukivuta pumzi linaingia mdomoni. Ukisukuma, kuna kitu laini kinasukuma kutoka upande wa pili."

"Nyamaza, Klara."

"Hatukuwa wawili tu. Mlijua? Tulikuwa wengi mle. Wote wamenyamaza, wanasikiliza. Kila mmoja anangoja jina la kadi yake lisomwe." Hapo akanitazama. "Kuna bibi mmoja aliniuliza kama nakujua. Alitaka nikuulize kama matembele yalikuwa matamu."

Ndoo ilinitoka mkononi.

Hili sijawahi kumwambia mtu, na Klara hakuwa na njia ya kulijua. Bibi yetu Imelda alifia kambini, kabla Klara hajafika. Nazario alikuwa na miaka mitatu, aliambiwa bibi yuko safarini. Tulikuwa wawili tu tunaojua, mimi na mama yangu, na mama ameshakufa. Kadi ya bibi tuliila miezi mitano. Tulimzika nyuma ya jiko, kina kifupi, kwa sababu tulikuwa tunachimba kwa sufuria, na ili ule udongo mpya usitiliwe shaka tukapanda matembele juu yake. Yalistawi kuliko ya kambi nzima. Majani mapana, meusi. Tuliyala kila siku, na mimi, mtu wa kinyaa, nilikuwa naongezewa.

Siku ile ile nilikwenda kuanua nguo. Kwenye pembe ya kile kitenge cha Klara cha hospitali, nilichokisuuza kwa mikono yangu, nikakikamua, nikakianika nikiwa nakitazama, kulikuwa na fundo dogo. Nililifungua. Ndani yake kulikuwa na ugoro, mkavu kabisa, umesagwa pamoja na majivu ya maganda ya ndizi, kama alivyokuwa anausaga bibi. Kwetu hakuna anayetumia ugoro. Kitenge nilikichoma.

Mwaka huu nimeota uvimbe shingoni, na madaktari wa Gitega wanasema lazima utolewe, tena haraka, maana umeanza kubana koo. Othmani bado yupo, amezeeka, miwani ni mingine. Wiki iliyopita alinikalisha akanieleza kila kitu taratibu, dawa itakayoingia, muda nitakaolala. Mwisho akaweka kalamu kwenye faili langu, akaniuliza kwa kunong'ona aniite jina gani endapo nitachelewa kuamka. Na akaniuliza kama kuna mtu yeyote ambaye nadhani anaweza kuitika kabla yangu.

Nimerudi nyumbani bila kumjibu. Uvimbe unaendelea kukua.